Bustani Ndogo na Ununuzi wa Nyumba ya Familia Mwanza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yafuatayo ndiyo ambayo ndugu, majirani na wafanyakazi wenzangu hunijia nayo kila mmoja wao anapoanza kutafuta nyumba ya kununua, iwe Buhongwa na Nyegezi au Kiseke, Nyasaka na Buswelu. Nimeishi katika nyumba mbili hapa jijini, moja isiyokuwa na hata kipande cha udongo, nyingine yenye bustani ambayo ukiivuka kwa hatua kumi na mbili umefika ukutani. Majibu yangu yameegemea huko.

Je, bustani ndogo ni jambo la kuzingatia kweli, au ni pambo la kumvutia mnunuzi?

Ni jambo la kuzingatia, ila halitangulii. Hutangulia uhalali wa umiliki, upatikanaji wa maji, barabara inayopitika wakati wa mvua na usalama wa mteremko. Nyumba ikishindwa katika mojawapo ya hayo, hakuna bustani itakayoifidia. Ikishafaulu, eneo la nje linastahili kupimwa kwa uzito uleule unaoupa jiko au vyumba vya kulala, kwa sababu familia nyingi za huku huishi nje karibu nusu ya siku. Nje ndiko nguo na dagaa huanikwa, ndiko jiko la mkaa huwashwa maharage yanapotaka saa tatu motoni, ndiko watoto huchezea na wazee huota jua la asubuhi.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulisahau mpaka liwafike. Tulipofiwa na baba mkubwa tukiwa katika ile nyumba ya kwanza, turubai lilifungwa njiani kwa sababu hapakuwa na mahali pengine, bodaboda zikazunguka mtaa wa pili kwa siku tatu, na viti vya waombolezaji vikawa mbele ya geti la jirani ambaye, kwa hisani yake, hakusema neno. Tangu hapo ninapoingia kwenye nyumba inayouzwa, kabla ya kutazama sebule, hujiuliza turubai litafungwa wapi.

Ukubwa gani unatosha?

Kiwanja cha mita 20 kwa 20 kina mita za mraba 400. Ukiondoa nyumba ya mita 10 kwa 12, maegesho ya gari moja, shimo la maji taka, njia ya kuzunguka nyumba na kibanda cha nje, utajikuta na vipande viwili au vitatu visivyoungana, na mara nyingi kikubwa kuliko vyote hakizidi mita za mraba 60. Hicho kinatosha kwa familia ya kawaida. Kwa mboga za majani peke yake, matuta mawili ya mita 1 kwa 5, yakipandwa kwa zamu ili moja lianze kuchumwa wakati jingine linaota, hutukomboa siku tatu au nne za wiki, kwa maana mchicha huanza kuvunwa wiki ya tatu au ya nne tangu kusiwa.

Tahadhari moja kuhusu vipimo. Maeneo mengi ambayo hayajapimwa huuzwa kwa hatua za miguu, na muuzaji atakuambia bila kupepesa macho kwamba ni "ishirini kwa ishirini". Hatua ya mtu mzima wa kawaida hukaribia sentimita 75, kwa hiyo hatua 20 ni mita 15, na eneo lote ni mita za mraba 225, yaani zaidi kidogo tu ya nusu ya ulichodhani. Kinachopotea katika hesabu hiyo ni bustani, kwa sababu nyumba haipungui. Nenda na tepu ya fundi, na mwache mwenye nyumba ashike ncha ya pili.

Nitajuaje kwamba bustani ninayoonyeshwa iko ndani ya kiwanja?

Ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Unachonunua ni haki ya kuitumia ndani ya mipaka iliyoandikwa. Maua yaliyopandwa nje ya mipaka hiyo hayakuhusu hata kama muuzaji ameyatunza miaka kumi. Kwa kiwanja kilichopimwa, omba nakala ya hati na ya ramani ya upimaji, tafuta bikoni, yaani alama za mpaka zilizowekwa na wapimaji, moja baada ya nyingine (mara nyingi zimefukiwa chini ya matuta au zimezungushiwa zege la ukuta), kisha fanya upekuzi wa kumbukumbu za umiliki katika ofisi za ardhi kupitia halmashauri inayohusika, ambayo ni Jiji la Mwanza kwa upande wa Nyamagana na Manispaa ya Ilemela kwa upande wa Ilemela.

Sehemu inayozua matatizo zaidi ni ya mbele. Bustani nzuri za mbele ya nyumba, zenye ukoka na michongoma iliyokatwa vizuri, mara nyingi ziko ndani ya hifadhi ya barabara, na siku barabara ikipanuliwa hutadai fidia ya kitu ambacho hakikuwa chako. Kwa eneo lisilopimwa, wanaoijua mipaka ni majirani wa pande zote, basi waitwe, wasimame mpakani kila mmoja kwa upande wake, na waandikwe kama mashahidi katika mkataba mbele ya uongozi wa serikali ya mtaa. Jirani asiyetaka kuja amekwishakujibu.

Nyumba ina bustani inayoshuka hadi ziwani. Je, hiyo si bora zaidi?

Ni nzuri kwa macho, na ndiyo inayohitaji uangalifu kuliko zote. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa. Kwa hiyo ukionyeshwa bustani ya Luchelele au Bwiru inayogusa maji, hesabu mita hizo 60 kutoka majini kuja juu, uone nini kimebaki. Wengine hukuta kwamba hata nusu ya nyumba iko ndani ya eneo hilo, na mjadala wa bustani unaishia hapo.

Ziwa nalo halikai mahali pamoja. Mwaka 2020 maji yalipanda hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1960, na watu wa mwaloni, wanakopakulia samaki, na wa kandokando ya ziwa wanakumbuka vizuri ni migomba ya nani iliyosimama majini. Waulize hao, na uangalie alama ya maji kwenye kuta na vigogo.

Kisha kuna afya. Minyoo ya kichocho hupitia kwa konokono wanaoishi katika maji ya pembezoni, hupenya ngozi ya mtu anayeingia majini, na anayechota maji ya bustani kwa ndoo kila jioni ndiye anayeingia kila siku. Maji yakipampiwa na kuwekwa kwenye tangi lisilo na konokono kwa saa 48 kabla ya kutumiwa, viluwiluwi vya minyoo hiyo hufa, kwa hiyo tatizo hili lina dawa kwa anayekubali gharama ya pampu na tangi. Kuhusu viboko, ambao hutoka usiku kulisha, sina dawa zaidi ya kukushauri uwaulize majirani kama wamewahi kuona njia yao katika nyasi.

Udongo wa Mwanza unafaa kweli, maana naona mawe matupu?

Unategemea umesimama wapi kwenye mteremko, na Wasukuma waliliweka wazi hilo zamani kwa kuupa kila udongo jina lake. Juu, karibu na miamba, kuna luseni, udongo wa kichanga uliotokana na kumomonyoka kwa mawe yenyewe. Ni mwepisi kulimika, hupitisha maji haraka, na ukishiba samadi hutoa viazi, matembele, nyanya na mipapai bila ubishi. Chini yake huenda ukakutana na ibambasi, wenye tabaka gumu ambalo jembe huligonga likarudi. Hapo mizizi haishuki na maji ya mvua husimama. Bondeni kabisa ni mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kupasuka nyufa ukikauka.

Njia ya kuutambua ni rahisi. Chukua konzi ya udongo, ulowanishe, uufinyange kama tonge la ugali. Ukisambaratika mkononi ni kichanga. Ukikubali kuviringishwa kuwa kamba ndefu inayong'aa, uko kwenye mfinyanzi.

Jaribio hili lina faida kubwa kuliko mboga, na hapa ndipo ninapoona bustani inastahili heshima yake kamili wakati wa kununua. Bustani ndiyo mahali pekee kwenye kiwanja ambapo muuzaji hajaweza kukuficha ardhi kwa rangi, sakafu au plasta. Ukikuta udongo wa mbuga katika bustani, msingi wa nyumba umekaa juu ya udongo huohuo unaovimba na kusinyaa kila msimu, kwa hiyo ondoka bustanini ukaangalie pembe za madirisha na milango, utafute nyufa zinazopanda kwa mshazari, hasa zile zilizozibwa juzi. Ukikuta nyufa za ardhini zinazoingiza vidole, mlete fundi kabla hujarudi kwa dalali.

Na nyumba za mlimani, kama Isamilo au Mabatini?

Huko bustani ni ngazi. Vipande vya udongo vilivyozuiwa kwa kuta za mawe hufaa sana kwa mboga na viungo, mradi kuta ziwe na matundu ya kutolea maji, kwa kuwa ukuta usio na matundu hubeba uzito wa maji ya mvua nzima na siku moja huteremka nao. Angalia kama umeinama au umefura katikati. Fuatilia pia maji ya jirani wa juu yanapita wapi, maana yatapita kwako. Ukitegemea kupanda sukuma wiki karibu na miamba mikubwa, jiandae kugawana na pimbi. Wanaamka mapema kuliko wewe.

Nimeona nyumba ambayo nyasi zake ni za kijani hata mwezi wa nane. Je, hiyo ni dalili ya bustani nzuri?

Inaweza kuwa. Inaweza pia kuwa kile kilichonipata mimi. Nyumba yetu ya sasa tuliiona mwezi wa Agosti, wakati uwanja wa kila jirani ulikuwa umekauka rangi ya kahawia, na nyuma ya jiko palikuwa na duara la ukoka wa kijani kibichi, laini, ambalo mke wangu alilipenda hata akavua viatu. Muuzaji alisema analimwagilia kila siku. Mvua za vuli zilipoanza, duara lile lilianza kububujika, na harufu ikaeleza lililobaki: shimo la maji taka lilikuwa limejaa na kupasuka ubavuni, na ukoka ulikuwa unalishwa kutoka chini mwaka mzima. Tuliita gari la kunyonya mara mbili, kisha tukachimba shimo jipya, na gharama hiyo haikuwa katika hesabu zetu.

Kwa hiyo uliza shimo liko wapi na lilinyonywa lini mara ya mwisho, kisha linganisha mahali pa shimo na mahali penye kijani kinachozidi. Hata lisipovuja, usilime mboga za kuliwa mbichi juu yake wala usipande mti karibu nalo, na hakikisha gari linaweza kulifikia bila kubomoa ukuta.

Je, bili ya maji haitanimaliza?

Hesabu yake haitishi. Matuta mawili ya mita za mraba 10 kwa jumla, wakati wa kiangazi kikali, yanataka kama lita 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku, yaani lita 50, ambazo ni ndoo mbili na nusu. Kwa mwezi ni lita 1,500, sawa na uniti moja na nusu kwenye bili. Kinachosumbua ni maji kutofika, hasa maeneo ya juu yenye msukumo mdogo na maeneo mapya ambako mabomba yametangulia maji. Kwa hiyo lenye uzito ni kujua maji hutoka siku zipi na saa ngapi, na kama kuna tangi.

Paa husaidia kuliko wengi wanavyodhani. Mvua ya milimita 10 juu ya paa la mita za mraba 100 ni lita 1,000; ukitoa zinazopotea zinabaki kama 800, na mvua tatu za namna hiyo zinajaza tangi la lita 2,000 na kumwagika. Nyumba yenye mifereji ya bati iliyofungwa vizuri ina sehemu kubwa ya bustani tayari, hata kama udongo wake bado haujaguswa. Maji ya kusuuzia nguo yapeleke kwenye migomba na mipapai, si kwenye mboga za majani.

Bustani haitaniletea mbu na nyoka?

Mbu huzaliana kwenye maji yaliyotuama, si kwenye majani. Kopo, tairi, tangi lisilo na mfuniko na mfereji ulioziba ndivyo vinavyokuletea mbu, na kwa kuwa yai huchukua wiki moja hadi mbili kuwa mbu kamili, kumwaga maji yote yaliyosimama kila wiki kunatosha kukata mzunguko. Nyoka hufuata panya, na panya hufuata rundo la matofali na mbao ulilosema utaliondoa.

Miti iliyopo niihesabu kama faida?

Mwembe mkubwa unaotoa kivuli mchana ni faida ambayo fedha haiinunui haraka, kwani hata mche wa kubebesha utakutaka miaka mitatu au minne kabla ya kuona tunda, sembuse kivuli. Lakini pima umbali wake na nyumba. Mti mkubwa ulio ndani ya mita tano hunitia wasiwasi: matawi hupiga bati, majani huziba mifereji ile ile tuliyoisifu hapo juu, na mizizi hutafuta maji kwenye bomba na shimo la choo. Mpapai, mlimao na mkomamanga havina shida hizo.

Nilipe zaidi kwa sababu ya bustani?

Lipa kwa ardhi na maji, usilipe kwa maua. Uliza viwanja vitupu vya jirani vinauzwa kiasi gani kwa mita ya mraba. Tuseme ni shilingi 15,000, na bustani ina mita 60. Ardhi ya bustani hiyo ni shilingi 900,000, na muuzaji anayekuongezea milioni tano kwa ajili ya "mazingira mazuri" anakuuzia ukoka ambao ungeuotesha mwenyewe kwa msimu mmoja wa mvua. Kwa mantiki hiyohiyo, nyumba yenye uwanja mchafu uliojaa kifusi isikukimbize, kwa sababu kifusi hubebwa na gari na bei huwa imeshuka kwa ajili yake.

Lililo gumu zaidi kulirudisha ni uwanja uliofunikwa wote kwa zege au pevingi. Hurudishika, lakini kwa sururu na siku nyingi, na utakuta udongo wa chini umeshindiliwa kama barabara.

Tunafikiria baadaye kujenga vyumba vya kupangisha au fremu kwenye eneo la bustani. Je, ni busara?

Wengi hufikiri hivyo, na katika mitaa ya Buzuruga na Igoma kodi ya vyumba viwili huzidi thamani ya mchicha wowote utakaoulima. Sina ugomvi na hesabu hiyo. Ninachoomba ni kuihesabu yote: kibali cha ujenzi kutoka halmashauri, choo cha wapangaji, uwezo wa shimo lililopo, maji ya mvua yatakayokosa pa kunywea na kuingia kwa jirani wa chini, na mahali watoto watakapokuwa. Ikiwa mnajua tangu mwanzo kwamba mtajenga, jengeni ubavuni kando ya geti, ili wapangaji wawe na njia yao na nyuma ya nyumba pabaki wazi.

Nyumba tuliyoipenda haina udongo kabisa. Tuiache?

Si lazima, ikiwa ina baraza au uwanja wa sakafu unaopata jua kwa muda wa saa tano au sita kwa siku. Viroba vya kilo 50 vilivyojazwa udongo na samadi, vikatobolewa ubavuni, hubeba sukuma wiki na figiri nyingi kuliko vinavyoonekana kuweza. Suala la turubai, hata hivyo, litabaki palepale.

Niende lini kuiona?

Mara mbili. Mara ya kwanza iwe kati ya Julai na Septemba, ukiangalia ukame, nyufa na kijani kinachotia shaka; mara ya pili iwe mara baada ya mvua kubwa ya vuli au ya masika, ukiangalia maji yanaingilia wapi, yanasimama wapi na yanatokea wapi. Muuzaji akikuharakisha usifike mara ya pili, hapo napo pana habari. Na siku mojawapo kati ya hizo, fika jioni, wakati wa kumwagilia, usimsalimie mwenye nyumba peke yake. Zungumza na anayeshika ndoo, ambaye mara nyingi ni dada wa kazi au kijana wa shamba. Yeye anajua maji hutoka siku gani, tuta lipi halioti kitu, na kwa nini pale kwenye kona hawapandi tena.